Risiti 19 za zahanati moja, taifodi mara 11: tunatibiwa au tunakamuliwa?

StooKipa (Kitunda, Dar)

Wakuu salaam. Msinicheke kwanza, someni mpaka mwisho.

Mimi ni mtunza stoo, ghala la vifaa vya umeme huku barabara ya Nyerere. Kazi ya kuhesabu imenifuata mpaka nyumbani. Risiti kwangu haitupwi, inaingia kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Jumapili iliyopita umeme umekatika, mechi imeishia katikati, nikaona isiwe tabu, nikashusha kopo nikaanza kupanga. Maji huku, ada huku, zahanati huku. Fungu la zahanati likazidi la ada.

Tangu Januari mwaka jana mpaka mwezi uliopita tumekwenda mara 19, zahanati ileile ya binafsi hapa mtaani, dakika nne kwa mguu. Tuko watano: mimi, mke wangu, mtoto wa miaka saba, mdogo wake wa miaka miwili, na mama yangu mzazi, miaka 64, ana presha. Nimekaa na kalamu nikapata hivi. Kumuona daktari 95,000. Vipimo 214,000. Dawa na sindano 422,500. Jumla 731,500.

Pesa imeniuma lakini si pesa iliyoniamsha usiku. Ni majina ya magonjwa. Mara nne ni mama na presha yake. Mara moja mkubwa alijikata na bati akashonwa. Mara moja malaria. Zilizobaki 13 zote ni taifodi au UTI (maambukizi ya njia ya mkojo): taifodi mara 11, UTI mara 9, na mara saba vyote viwili kwa pamoja. Mafua? Sifuri. Nyumba ya watu watano, miezi kumi na tatu, Dar es Salaam hii ya vumbi na masika, hakuna hata siku moja mtu ameumwa mafua tu. Mtoto wa miaka saba amepata taifodi mara tatu ndani ya miezi minne, na kila mara sindano tano.

Sasa nisiwe mchonganishi. Zahanati yenyewe ni nzuri. Vigae vinang'aa, kuna kiyoyozi, dada wa mapokezi anamjua mama kwa jina na anamwamkia shikamoo kabla hajafika dirishani. Wanafungua mpaka saa nne usiku. Dokta alitupa namba yake, na kuna usiku alikuja nyumbani kwa miguu mama alipoishiwa nguvu, hakudai hata shilingi. Mke wangu akisikia nawasema vibaya ananuna siku mbili.

Ila mwezi uliopita nilimpeleka mdogo, anakohoa, ana joto. Nimekaa, sijamaliza kusema "dokta, mtoto tangu juzi", karatasi ya maabara imeshajazwa. Nikawa namwangalia mikono. Hakumgusa mtoto. Hakumgusa kabisa. Tukaenda maabara, tukarudi, taifodi na UTI, tukapewa dawa ya kunywa ya kijiko na sindano, elfu arobaini na moja mia tano.

Swali langu: kazini mzigo ukiingia nina hati ya kupokelea, nahesabu katoni, halafu nafungua boksi moja moja kuona kama kilichoandikwa nje ndicho kilichomo. Boksi limepigwa muhuri vizuri na ndani kuna swichi za kuvunjika, nimeyaona. Kwa daktari mimi nisiyesoma udaktari nafungua boksi lipi? Nitajuaje kwamba hapa tunatibiwa vizuri na si kwamba tunapokelewa vizuri tu?

---

Mzee wa Mnyamani

Mkuu hongera, mna taifodi ya ukoo. Nendeni mkaisajili RITA, wale wa vyeti vya vizazi na vifo, muwe warithi halali.

Ila kwa kweli huku kwetu pia. Ukienda na jino, taifodi. Mimi siku hizi nikiingia namwambia kabisa, dokta, taifodi ninayo, niulize mengine.

---

Tabibu_Kilosa

StooKipa, habari ya jioni ndugu yangu. Mimi ni tabibu, yaani wa diploma, ngazi ya chini ya daktari, miaka tisa kazini. Mitano ya mwanzo nilifanya zahanati binafsi mjini, sasa niko serikalini huku Kilosa. Nitakujibu kwa uwazi maana nimekaa pande zote mbili za meza.

Boksi la kufungua umelitaja mwenyewe: hakumgusa. Mimi nikitaka kumpima mwenzangu kazini siangalii maabara yake wala vigae. Naangalia kinachotokea kati ya mgonjwa kukaa na kalamu kugusa karatasi. Mtoto wa miaka miwili anakohoa na ana homa, kuna mambo ambayo hayahitaji mashine wala umeme. Anyonye au anywe mbele yangu nione kama anaweza. Niulize kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege, kama analala kupita kiasi. Nimpandishe fulana nihesabu pumzi dakika nzima kwa saa, akiwa ametulia, halii. Wa miezi 2 mpaka 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Wa mwaka mmoja mpaka kabla ya mitano, 40 au zaidi. Hapo ndipo nitashuku nimonia. Halafu nimuweke kwenye mzani, kwa sababu dawa ya mtoto inakwenda kwa kilo. Ukitoka chumbani na hakuna aliyehesabu pumzi wala kumpima uzito, basi, ndugu yangu, hilo boksi lina swichi za kuvunjika hata kama dokta ni mtu wa Mungu.

Kuhusu taifodi. Kipimo mnachofanyiwa bila shaka ni Widal. Kinatafuta askari wa mwili dhidi ya bakteria wa taifodi, hakimtafuti bakteria mwenyewe. Askari hao wanaweza kubaki kwenye damu muda mrefu baada ya kupona, na magonjwa mengine, malaria ikiwemo, yanaweza kukifanya kipimo kionekane chanya. Ili kiwe na maana ya kitabuni unatakiwa upime leo, urudie baada ya siku kumi hadi kumi na nne, uone kama kiwango kimepanda. Nani anarudia? Hakuna. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu maabara, kinachukua siku kadhaa, na zahanati ya mtaani haina uwezo huo. Kwa hiyo mtoto wako kuonekana na taifodi mara tatu miezi minne inawezekana ni uleule mwangwi mmoja wa zamani, au hakuwahi kuwa nayo.

Na hili liko kwenye maandishi, si maneno yangu. Watoto 1,005 wenye homa, wa nje, wasiolazwa, walichunguzwa kwa vipimo vya kina Dar na Ifakara, matokeo yakachapishwa 2014. Wengi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na virusi ndivyo vilivyoongoza. Malaria ilikuwa kwa kama mtoto mmoja kati ya kumi. Taifodi hazikufika nne kati ya mia. Wewe kwako ni 11 kati ya 19.

Sasa niseme na upande wa pili. Nilipokuwa binafsi, mwenye zahanati hakuwahi kuniambia "danganya mgonjwa". Hapana. Jioni alikuwa anakuja na daftari, anauliza kwa upole tu, "Tabibu, leo maabara imeingiza ngapi?" Mwezi wa tatu wa kuulizwa hivyo, kalamu yako inaanza kwenda yenyewe. Na mgonjwa naye nikimwambia mama, mwanao ana mafua, mpe maji na panadoli, ananiangalia kama nimemuibia nauli. Kesho nasikia kaenda duka la dawa, kanunua sipro, dawa ya kuua bakteria, anasema yule tabibu hajui kitu.

Kwa hiyo swali langu moja la kumpima daktari ni hili: je, amewahi kukurudisha nyumbani bila dawa? Katika mara 19, mara ngapi?

---

StooKipa

Tabibu asante sana. Nimeenda kuangalia kopo tena. Jibu ni sifuri. Hata ile siku mkubwa kashonwa alipewa na dawa ya minyoo.

---

Mama Twins Tandika

Jamani subirini kidogo, msimpeleke kaka wa watu porini. Kila mtu hapa anasema vigae si matibabu, kupokelewa vizuri si matibabu. Mimi nasema hivi: kupokelewa ni nusu ya matibabu, na ambaye hajatukanwa dirishani hawezi kujua.

Mama yangu ana presha miaka kumi sasa. Alikuwa anachukulia dawa kituo kimoja cha serikali, sikitaji. Dawa anapata, wataalamu wapo, kila kitu kiko kwenye mwongozo. Siku moja kachelewa kliniki wiki mbili kwa sababu ya msiba kijijini. Nesi kamfokea mbele ya foleni nzima: "Nyinyi wazee mkisikia nafuu mnaacha dawa, mkipooza mnatuletea sisi." Mama alikuwa na miaka 61, anafokewa na binti wa umri wa mjukuu wake. Hakujibu. Alirudi nyumbani, akaniambia dawa amepata. Kumbe hakupata, aliondoka kwenye foleni. Miezi mitano hakumeza kidonge hata kimoja, mpaka uso ukaanza kwenda upande. Tuliwahi, Mungu saidia, mkono tu ndio haujarudi sawa.

Sasa niambieni, yule nesi kwenye ukaguzi angepata alama ngapi? Faili lipo, dawa ipo, kipimo kipo. Mgonjwa hayupo.

Kwa hiyo kaka StooKipa, dokta aliyekuja kwa mama yako usiku kwa miguu, usimdharau. Kama kuna kasoro mwambie. Lakini usihame kwa hasira ukaangukia kwa wenye mwongozo na mdomo mchafu.

---

Tabibu_Kilosa

Dada yangu, pole sana. Sina cha kubisha hapo. Presha na sukari mtu anatibiwa maisha yake yote, na kama hataki kurudi, hata kipimo cha dhahabu hakisaidii. Nilikuwa nawaza homa za watoto nikasahau kliniki za wazee.

---

Hadubini2

Mimi ni wa maabara, naona tunashambuliwa bila wakili.

Kipimo kinaombwa na daktari, sisi tunapima kilicholetwa. Lakini kweli kuna maabara na maabara. StooKipa, mambo ambayo hata wewe unaweza kuyaona ukiwa kwenye benchi:

Kipimo cha haraka cha malaria kinadondoshewa damu na maji yake, halafu kinasubiri dakika 15 au 20 kutegemea aina. Imeandikwa kwenye pakiti. Ukiona umetobolewa kidole na majibu yamekusubiri kabla hujafuta damu, kuna mtu hakusubiri. Na jambo ambalo wengi hawalijui: ukitoka kutibiwa malaria, kile kipimo kinaweza kuendelea kuonyesha mistari miwili kwa wiki kadhaa ingawa umepona. Hapo inatakiwa hadubini, slaidi. Wengi wanapewa dawa mseto mara ya pili bure.

Mkojo. Hapa ndipo UTI zenu 9 zinapotengenezewa. Ulipewa maelekezo? Mwanamke ajisafishe kwanza, mkojo wa mwanzo uende chooni, wa katikati ndio uingie kopo. Kopo lenyewe liwe safi, jipya, lenye mfuniko. Sasa mtoto wa miaka miwili amekojolea kopo la mtindi, likakaa dirishani saa mbili, juani, halafu mtu anaangalia anasema kuna usaha na bakteria wengi. Lazima wawepo! Hata mimi ukinikalisha hapo saa mbili utaniotesha.

Widal nayo, ikiwa majibu yameandikwa alama ya kujumlisha tu bila kiwango kama 1:80 au 1:160, usilipe kwa furaha. Ile ya matone kwenye kibao cha maabara ikiachwa ikakauka inaganda yenyewe, inaonekana chanya.

Uliza pia nani anasoma. Sisi tuna baraza letu na usajili wetu, na maabara binafsi zinasajiliwa. Cheti kinatakiwa kiwe ukutani. Ikiwa anayepima ndiye anayekata risiti na ndiye anayefagia, basi.

---

Kijana wa Chanika

Si kuna zile nyota? Niliona kituo cha kwetu kuna bango la nyota. Mtu anaangalia nyota anaenda. Mnajisumbua na nini.

---

Tabibu_Kilosa

Zipo. Wizara ilianza kuvipima vituo vya ngazi ya msingi kwa nyota 2015, kuanzia sifuri mpaka tano, na lengo lilikuwa vituo vinane kati ya kumi vifike walau nyota tatu. Awamu ya kwanza vituo vingi viliambulia sifuri au moja, sisemi uongo, zahanati niliyokuwepo baadaye tulipata moja na tulifurahi. Ilisaidia. Tulinunuliwa sinki la kunawia, mafaili yakapangwa, sanduku la maoni likawekwa ufunguo. Wakaguzi wanaangalia uongozi, watumishi, dawa, usafi, jinsi wananchi wanavyosikilizwa, na huduma zenyewe. Lakini mkaguzi anakuja na kuondoka, na anajulikana anakuja. Siku hiyo kila mtoto anahesabiwa pumzi. Nyota zinakueleza kama jiko lina sufuria na moto. Kama wali wa leo umeungua utaonja mwenyewe.

---

StooKipa

Nimewasoma wote. Mama Twins umenigusa, nimemwonyesha mke wangu, kasema "si nilikwambia".

Swali jingine dogo, la mama. Kati ya zile mara nne za presha, tatu aliongezewa dawa. Anakwenda kwa bodaboda kwa sababu ya magoti, anashuka, anaingia moja kwa moja, anafungwa kile kitambaa juu ya mkono wa gauni, huku wanapiga naye stori za mjukuu. Inasoma 170, 168, namba za hivyo. Nyumbani ana ile mashine ndogo aliyoletewa na dada yangu, inasoma 138, 142. Dokta kasema mashine za nyumbani ni za kichina, zisiaminike. Kweli?

---

Tabibu_Kilosa

Kaka, kwa maelezo hayo mimi ningeiamini ya nyumbani kabla ya ile ya zahanati, ila ipeleke ilinganishwe na ya kituo, mkono uleule, wakati uleule. Presha inapimwa mtu amekaa ametulia dakika tano. Mgongo umeegemea, miguu iko chini haikupishana, mkono uko mezani usawa wa moyo, nguo imepandishwa, kibofu kitupu, na hakuna kuongea. Kuongea peke yake kunapandisha. Kitambaa kikiwa kidogo na mkono mnene, namba inapanda ya uongo. Halafu inarudiwa mara ya pili. Mtu aliyeshuka kwenye bodaboda Kitunda, na yale mashimo, hata mimi ningesoma 170.

Usimpunguzie dawa mwenyewe, nakuomba. Mwandikie wiki moja, asubuhi na jioni, kwenye daftari, wewe daftari unaliweza. Mpeleke nalo. Na uliza mara ya mwisho figo zake zimepimwa lini, na sukari. Mwenye presha anatakiwa aangaliwe hayo. Kama katika risiti za mama hakuna kipimo cha figo hata kimoja lakini kuna Widal, hapo nakuachia mwenyewe.

---

StooKipa

Nimeangalia. Figo hakuna. Widal ipo moja. Mama. Wa presha.

---

Mama Twins Tandika

Ya Rabi.

---

Mzee wa Mnyamani

Swali la kizushi: nikimwuliza dokta cheti chake si atanichoma sindano ya makusudi?

---

Hadubini2

Mzee, usimwulize cheti kama askari wa usalama barabarani. Mwulize jina lake na cheo chake, "samahani dokta, wewe ni daktari au tabibu?" Si tusi. Zahanati nyingi anayekuona ni tabibu, na tabibu mzuri anakutibu kuliko daktari aliyechoka. Wote wanasajiliwa Baraza la Madaktari Tanganyika, sheria ya 2017 iliwaweka pamoja na wataalamu wengine. Manesi wana baraza lao. Mtu aliyesajiliwa anajibu kwa sekunde mbili. Anayeanza kukuuliza "kwani wewe ni nani", anza kutafuta viatu vyako.

---

StooKipa

Wakuu narudi, wiki mbili zimepita. Nilisema nitaleta mrejesho.

Alhamisi mdogo kaamka na homa na kikohozi tena. Mke wangu kashamvalisha, anataka waende. Nikasema leo naenda mimi. Nimefika, foleni hakuna, nimekaa, nikamshika mtoto mapajani. Dokta kachukua karatasi ya maabara. Nikamwambia, "Dokta, samahani, mimi si mtaalamu. Kabla ya vipimo naomba unihesabie pumzi zake. Na leo malaria tupime, ila taifodi na mkojo, tukisubiri siku mbili, kuna hatari gani?"

Wakuu, yule mtu aliweka kalamu chini. Nilidhani amekasirika. Akainuka akafunga mlango, akarudi akakaa, akaniuliza, "Nani amekwambia hayo?" Nikamwambia nimesoma tu. Akacheka kidogo, si kicheko cha furaha. Akasema, "Kaka, ungeniuliza hivyo mwaka jana, ungekuwa umerudi nyumbani na hela yako mara nyingi. Hapa mtu akitoka bila mfuko wa dawa anakwenda pale njia panda anasema sijui kazi. Na bosi ananiuliza."

Nikakumbuka daftari la jioni la Tabibu. Neno kwa neno karibu.

Basi akampandisha fulana. Tukasubiri atulie, dokta akatoa simu akaweka saa. Pumzi 34. Akasikiliza kifua mbele na nyuma, akaangalia masikio na koo, akampa maji kwenye kikombe, mtoto akanywa lote akadai jingine. Mzani wakautafuta. Ulikuwa chumba cha chanjo chini ya maboksi, dada wa mapokezi akaufuta kwa kanga yake. Kilo 12 na nusu. Malaria hakuna, na safari hii nimekaa dakika kumi na tano kweli, niliangalia saa. Akasema ni kikohozi cha virusi, panadoli si mnayo nyumbani, mpe kwa kilo zake, akanionyesha kiasi kwenye chupa. Akanitajia ya kunirudisha mbio hata usiku: akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea, akianza kupumua haraka. Na homa ikiendelea mpaka Jumamosi nirudi tuangalie upya.

Nikamwambia na habari ya mama. Akasema mlete Jumatatu, aje mapema, akae kwanza pale kwenye kiyoyozi. Figo watachukua damu, ila wao hawana kipimo, watapeleka maabara kubwa. Hakusema tena habari ya mashine ya kichina.

Risiti namba 20: kumuona daktari 5,000, malaria 3,000. Elfu nane.

Sasa tatizo limehamia nyumbani. Mke wangu kaona narudi mikono mitupu. "Mfuko uko wapi?" Nikamweleza pumzi 34, nikamweleza kilo. Kaniambia nimekwenda kubana hela kwa mgonjwa, nimemtoa dokta wa watu kwenye utaratibu wake, na kama mtoto akizidiwa usiku nitaeleza mimi. Usiku huo hatukulala, kila nusu saa mmoja wetu anampandisha fulana anahesabu. Saa nane za usiku nikamkuta yeye na tochi ya simu, midomo inacheza: thelathini na moja, thelathini na mbili.

---

Mama Twins Tandika

Mwambie wifi mimi niko upande wake, ila kuhesabu amejifunza. Mtoto anaendeleaje?

---

StooKipa

Jumamosi homa ilikuwa imekata. Leo amevunja rimoti.